Umusambi wa mama mkwe na chura wa pipani

Jumamosi, katikati ya Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika mchana, ukungu ukabaki bondeni chini ya kilima cha Rebero.

Mama mkwe alitoka na mkasi. Umusambi wake, korongo mwenye taji, alikuwa ameota tena manyoya ya bawa, na tangu niolewe humu kazi yangu ni kumshika akikatwa bawa moja asiruke. Nisimwonee mama. Alimpata akiwa kinda, akamlea, na zamani nyumba yenye umusambi uani ilikuwa nyumba ya heshima.

Jirani yetu, anayefanya kazi ya kupanda upya matete bondeni, alikuwa amekuja kuazima jembe. Akamwona chura mdogo wa kijani kwenye pipa la maji ya mvua.

"Sina hakika ni aina gani," akasema, "ila ndugu zake wanaoishi kwenye matete wanapungua, sawa na umusambi. Makao yao ni mamoja."

Mama akacheka. "Chura? Ngoma zetu huiga umusambi; nani amewahi kucheza akiiga chura?"

"Ndiyo bahati yake, mama. Hakuna anayemchukua nyumbani."

"Basi iko huru, na bado inapungua. Yangu iko hapa, inakula. Nani ametunza vizuri?"

Mimi niliishia shule ya msingi, sikuona kosa katika maneno ya mama, na hata sasa silioni vizuri. Lakini chura akichoka na pipa huruka ukingo akaenda. Umusambi, wenzake wakipita asubuhi, hupanua mabawa, moja refu moja fupi, kisha huyakunja. Labda nilikuwa najifikiria mwenyewe. Kutoka humu hata kwenda Kagarama hapo jirani huwa naomba ruhusa.

"Shika," mama akasema.

"Leo sishiki, mama."

"Itaruka."

"Labda."

Alijaribu peke yake. Ndege akazunguka nyuma ya jiko, na magoti ya mama hayakimbizi tena kitu. Akaketi, mkasi mapajani.

"Ikishuka huko chini mbwa wakaiua, utaniambia nini?"

Jirani akasema kwa upole kwamba kuna mahali wanapokea ndege waliofugwa, angeweza kuwaita watu wa huko. Mama hakukubali, hakukataa. Mkasi aliurudisha ndani.

Jioni tulikula maharage, ndizi za kupika na mboga ya dodo, mchicha wa huku. Mama aliomba sahani yake iletwe chumbani. Nilimpelekea mimi. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akafunga mlango.