Kanga Tuliyomchomea Bibi

Sikuwapenda watu wale tangu Jumamosi ya kwanza. Walikutana kwenye maktaba moja ya Saint Paul, Wachina waliozaliwa Marekani, kila mmoja na kompyuta yake, wakiandika insha kuhusu maisha yao. Nilizisikiliza mpaka nikaweza kuzimalizia kichwani kabla msomaji hajafika mwisho. Mtoto anapelekwa shule na chakula cha nyumbani, wenzake wanaziba pua, anaona aibu. Akikua anajutia ile aibu, na bibi yake ameshakufa.

Mimi aibu hiyo sikuwa nayo. Nilisoma Tanga, nikala makande kama wenzangu, na tambi alizotengeneza baba yangu zilinunuliwa na mtaa mzima mwezi wa Ramadhani, zikapikwa kwa sukari na tui la nazi. Nilipowaambia hivyo walinitazama kama mtu aliyeingia msibani akicheka.

Nilibaki nao kwa sababu ya baridi, na kwa sababu nimechoka kuhama. Nimekaa Dar, Nairobi, Guangzhou ambako wenye maduka walikicheka Kichina changu, kisha Houston, na sasa hapa, chumba cha juu kabisa ghorofani, mtaa wa Cedar-Riverside, ambako muuguzi mmoja Mkenya kila tukikutana kwenye lifti huwaita wenzake waje wamsikie Mchina anayeongea Kiswahili. Kila nilikokaa nimeulizwa natoka wapi hasa. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Nikikaa kuandika naanza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha niliyogombezwa nayo utotoni, halafu ndipo nageuza kwa Kiingereza, kwa shida na kwa hasira.

Basi nikaandika habari ya kanga.

Kila masika ilifika siku ya kusafisha makaburi ya wazee wetu. Wachina wengine siku hiyo huwachomea wafu wao nguo za karatasi, ziwafikie huko waliko. Tanga ya utoto wangu haikuwa na nguo za karatasi. Ilikuwa miaka ya uhaba, hata za kitambaa zilipatikana kwa foleni. Na bibi, mama yake baba, alikufa akiwa amezoea kanga kuliko vazi lingine lolote. Kwa hiyo mama akibahatika kupata doti, aliikata katikati. Kipande kimoja alijifunga mwenyewe, cha pili akamchomea mkwewe, ili wavae sare. Tulichoma upenuni, ndani ya karai, mvua ikipiga bati. Pamba ikiungua hutoa moshi mzito unaokaa kwenye nywele. Mwaka mmoja jirani alidhani nyumba inateketea, akaja mbio na ndoo ya maji. Akaona. Maji hakuyamwaga. Alisimama pale akasema, "Wanangu wanalala uchi, nyie mnachoma nguo?" Akatema mate, akarudi kwake na ndoo yake.

Kiongozi wa kikundi, mwanamke mwenye sauti laini ya mtu anayebembeleza mgonjwa, aliisoma insha akashika kifua. Akasema ni mseto wa ajabu wa tamaduni. Mseto kwetu ni mchele na choroko. Kuhusu yule jirani na wanawe hakutamka neno, ila alinishauri nikate sehemu hiyo, moshi ubaki na mate yaondoke. Nilikataa. Hata hivyo alitaka niwe wa kwanza kusoma katika mkutano wa alasiri uliokuwa unaandaliwa na chama cha Wachina wa mjini hapa.

Kaka yangu ni mjumbe wa kamati ya chama hicho. Alinipigia simu hata koti sijavua.

"Njoo nyumbani. Sasa hivi."

Nyumba yake iko Inver Grove Heights, na gereji yake peke yake ni kubwa kuliko nyumba yetu ya Tanga. Mama anaishi naye. Jumapili ndiyo siku yangu ya kumwona mama. Tunakaa chumbani kwake tunasengenya watu waliokwisha kufa, kwa Kiswahili, na wajukuu wakipita wanatujibu kwa Kiingereza. Katika mji huu sina kitu kingine ninachokingojea wiki nzima.

"Kamati imeletewa insha yako," kaka alisema jikoni, kwa Kiswahili, lugha ambayo mbele ya wenzake wa chama huwa haijui. "Unataka tuonekane waganga?"

"Nimeandika tulichofanya."

"Watu wanajua kwetu ni Guangzhou."

"Guangzhou ulikwenda likizo, kaka."

"Cheka. Wewe unaishi na begi mlangoni, kesho utaamka uhamie kwingine. Mimi nimejenga jina hapa."

"Jina gani hilo linaloungua kwa kipande cha kanga?"

Aliweka glasi chini taratibu. "Ulikuwa mtoto mdogo, hujui kitu. Watoto wa yule jirani walinisubiri njia ya shule. Wakanivua shati, wakalichana, wakasema kachome na hili. Nilirudi nyumbani kifua wazi, mtaa mzima unanitazama. Hilo umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika. Sikulijua.

"Nieleze vizuri basi," nikasema, "niliongeze."

Ulikuwa ukatili, na niliusema makusudi. Uso wake ulibadilika.

"Mshenzi wewe," alisema. "Isome hiyo takataka yako, na mlango huu usiugonge tena. Mama utamwona kwenye picha."

Kuta za nyumba za huku ni mbao nyepesi tu. Nilipoingia chumbani kwa mama alikuwa ameshasikia yote, amekaa kitandani na soksi zake za sufu, ananingoja.

"Nisome, au nisisome?" nilimuuliza.

"Kanga ilikuwa yangu, na niliyechoma ni mimi. Siogopi. Soma." Kisha akaninyooshea kidole. "Ila mimi nalala kwa kaka yako. Yeye ndiye ananipeleka hospitali. Akifunga mlango, mwanangu, mimi sitaufungua. Usije ukanilaumu."

"Mwambie basi hata neno moja, mama."

"Nimwambie nini? Nyie wawili mlinishinda tangu mkiwa wadogo."

Siku ya mkutano kaka aliketi mstari wa mbele, na tai, katikati ya wanakamati wenzake. Nilisimama nikasoma. Nilisoma foleni, doti, karai, mvua. Nilipofika kwenye moshi, kaka aliinuka, akachukua koti lake, akatoka kwa njia ya katikati ili kila mtu amwone. Kwa hiyo hakumsikia jirani na ndoo yake, wala hakujua kwamba shati sikulisoma. Shati lilikuwa lake. Kama angekaa angejua, lakini hakukaa, nami sitampigia simu kumweleza.

Walipiga makofi. Mama mmoja akanijia na sahani ya biskuti akauliza kitambaa kile kinauzwa wapi, anataka kukitundika ukutani sebuleni. Nilimwambia kachome kwanza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Nilibonyeza kengele, ile yenye kamera, na sauti ya kaka ikatoka ndani yake. Alikuwa mbali huko, kwenye simu.

"Ondoka mlangoni kwangu."

Nikagonga kwa ngumi. Nikasikia ndara zinakuja taratibu, zikasimama upande wa pili.

"Mama?"

"Nilikwambia sitaufungua."

"Najua."

"Sasa mbona unagonga?"

Kengele ikasema, "Mama, rudi chumbani."

"Niko ndani na mlango umefungwa," mama alimjibu kwa ukali. "Unataka nini tena?" Kisha akanigeukia mimi, yaani aliugeukia mlango. "Huko nje kuna barafu?"

"Ipo, imejaa."

"Na hujavaa kofia, nakujua. Haya, ulisoma? Walisemaje?"

Nikakaa kwenye ngazi, baridi ikanipanda kiunoni. Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya juu ili apate kunisikia. Nyumba ya ng'ambo mtu alifungua pazia. Ndani nikasikia kiti kinaburutwa mpaka mlangoni.

"Nitaita polisi," kengele ilisema. "Nasema kweli."

"Waite," nilimwambia. "Waambie dada yako amekaa kwenye ngazi zako, anaongea Kiswahili."