Saisi wa Farasi wa Karatasi

"Basi abaki nje na farasi wake!" Abby alisema, akapiga meza mpaka dadu ikaruka ikaanguka kwa sinia ya nduma za kuchemsha. "Mlango wa pango ni futi nne. Farasi haingii. Si mimi nimesema, ni kitabu."

"Hicho kitabu kiliandikwa na mtu," nikamwambia. "Na mwenye gemu ni wewe. Panua mlango."

"Cucu, hapana."

Abby ni mjukuu wangu. Hii gemu alitutolea huko chuoni Nakuru mjini. Mnakaa mezani, kila mtu anajifanya mtu mwingine, Abby anasimulia mazimwi na mapango, na ukitaka kumpiga zimwi unarusha dadu yenye nyuso ishirini. Mimi ni mwizi, na vidole vyangu havijapata kushikwa. Travis, mjukuu wangu mwingine, ni mchawi wa moto. Ndugu yangu Hiram, ambaye hawa watoto wanamwita Guka, yaani babu, ni shujaa wa farasi. Kila Jumamosi mchana anateremka na fimbo yake kutoka juu Dundori aje kucheza, mvua inyeshe isinyeshe. Saa hiyo alikuwa ametoka kutuchukulia maziwa kwa jirani, ndiyo maana tulikuwa tunamgombania kwa sauti.

"Cucu, hesabu mwenyewe," Travis akasema. "Uwanjani farasi ni poa. Adui akiwa kwa miguu, Guka anarusha dadu mara mbili anachagua ile kubwa. Anafika mbio, anadunga na mkuki, ashaenda. Lakini tumepigana mara tano. Uwanjani ni mara ngapi?"

"Moja."

"Na hiyo moja ilienda aje?"

Hiyo moja joka lilipuliza moto, farasi akafa kabla Hiram hajashika dadu. Abby akampa mwingine. Baada ya hapo ikawa handaki, ikawa ngazi, ikawa mashua, ikawa juu ya paa. Kila mara Abby anasema kwa upole, Guka, lazima mtu abaki na farasi. Hiram anabaki. Sisi tunapigana saa mbili nzima, yeye ameshika kalamu anatuangalia, chai inapoa.

"Si ashuke apigane kwa miguu kama sisi? Ama huyo farasi afutwe," Travis akasema. "Mtu alifukuza wezi wa ng'ombe kutoka Kuresoi mpaka Kariandusi, atalilia farasi wa karatasi?"

Hapo nikashikwa pabaya. Hiyo hadithi ya wezi ni yangu. Nimewalea nayo: Guka alikuwa askari wa farasi, na farasi wake alikimbia hata kivuli chake kikafika kesho yake. Hiram alikuwa akicheka tu. Hakukubali, hakukataa.

"Hakukuwa na wezi," nikasema.

"Ati?"

"Guka wenu alikuwa saisi. Miaka kumi na minne, kwa shamba la mzungu mmoja upande wa Elmenteita. Anasugua farasi, anamtoa mawe kwa kwato, anamfunga tandiko, anamleta mpaka mlangoni. Halafu mwingine anapanda. Kulikuwa na jike mmoja mwekundu, mama yake alikufa akimzaa, Hiram akamlea kwa chupa. Siku moja akimpeleka mtoni akakanyaga chuma cha tandiko, akakaa juu yake. Akaenda labda hatua ishirini. Wageni walikuwa wamekaa kwa baraza. Mwenye shamba hata hakumpiga. Aliitisha ndoo na sabuni, akamwambia aoshe hilo tandiko mbele ya wageni. Mara tatu. Likiwa bado linatiririka maji, akapandishwa mtoto wa miaka tisa, na Hiram akashika hatamu."

Nikasukuma sinia ya nduma kando.

"Mimi nilimtungia wezi kwa sababu hizo hatua ishirini zilinikaa kooni. Na ninyi mmempa farasi, halafu kila Jumamosi mnamwambia abaki nje amshike. Karatasi inawagharimu nini?"

Travis aliinama akajifanya anatafuta dadu. Abby alichukua kifutio, akafuta mlango wa pango kwa nguvu mpaka ramani ikachanika kidogo, akachora mwingine, mpana wa kupitisha trekta.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Hiram akaingia na jagi la maziwa, koti limelowa. Akaketi, akavaa miwani, akavuta ramani karibu.

"Guka," Abby akasema haraka, "leo unaingia na farasi. Unatangulia mbele."

Hiram akapapasa pale palipochanika. Akamtazama Travis, Travis akaangalia dirisha. Akanigeukia.

"Wariara," akasema, "umewaambia nini?"