Kikwembe cha Mama Veronika

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usomi wangu, mwanangu, ni asubuhi moja ya kiangazi hapa Kolwezi, niliporudishiwa ripoti yangu ikiwa haina sahihi. Nakusimulia sasa kwa sababu wiki ijayo na wewe unakwenda kuanza masomo ya uzamili ya ergoterapi, kazi hii yetu ya kumsaidia mtu aliyeugua au kuumia arudie kufanya mwenyewe mambo yake ya kila siku.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wa pili wa uzamili, nimetumwa kufanya staji, yaani mafunzo ya vitendo, katika hospitali moja ndogo. Nilijua mengi. Mifupa yote ya mkono niliweza kuitaja bila kuvuta pumzi, na nakiri kwamba nilipenda watu wanisikie nikiitaja. Mgonjwa wa kwanza kukabidhiwa mimi peke yangu alikuwa Mama Veronika, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Musumba, aliyepatwa na kiharusi akiwa anapalilia shamba lake la mihogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Binti yake aliyeolewa Manika, hapa mjini, alimchukua akae kwake, na mara tatu kwa wiki alimleta hospitalini.

Somo letu la kuvaa nguo lilikuwa na zoezi la shati la vifungo. Unampa mgonjwa shati, unahesabu dakika, unaandika alama. Basi nikampa Mama Veronika shati. Siku ya kwanza alilitazama akaliweka magotini. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu akaniambia polepole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto, "Mwana, mi sivalake shimizi." Yaani yeye havai shati. Nikadhani anatafuta sababu ya kukwepa kazi. Nikaandika katika ripoti kwamba mgonjwa hana nia ya kupona, nikapendekeza nafasi yake apewe mtu mwingine. Waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi, wengi wao vijana walioumizwa na mashimo ya shaba. Nilijiona nimeamua kwa haki.

Aliyenisimamia aliitwa Mama Ilunga, mtu wa maneno machache, aliyeifanya kazi hii tangu sijazaliwa. Alisoma ripoti hadi mwisho, akairudisha mezani mbele yangu, akafunga kalamu yake. Kisha akaniuliza, "Leo umevala nini?"

Nikajitazama. Chini ya koti langu jeupe nilikuwa nimevaa kikwembe, kitambaa kile kile cha kujifunga kiunoni ambacho mama zetu wote wanavaa, na mimi nilijifunga asubuhi ile bila hata kufikiri.

"Na ule mama, umemuuliza anavalaka nini kwake?"

Mama Ilunga hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba karatasi ile ikitiwa sahihi, mtu atarudishwa nyumbani kwa kosa ambalo si lake, na kwamba kabla sijaandika tena neno "nia" niende nikaone anakoishi.

Nilikwenda mchana ule ule, nimeinama kwa haya. Nilimkuta Mama Veronika katika chumba cha nyuma, mlango umerudishwa, ilhali nje watu wa nyumbani wanacheka na kusonga bukari, ugali wetu. Binti yake alinieleza kwamba mama hatoki tena ila akiletwa hospitalini. Hata kanisani haendi. Nikaketi mkekani, na kwa mara ya kwanza nikauliza bila kushika kalamu: mama, unataka mkono wako ufanye nini?

Alikishika kikwembe chake kwa mkono wa kushoto. Halafu akasema, "Hapa ni kwa mukwe wangu. Kikwembe kikianguka mbele yake, mi nitaenda wapi?"

Unaelewa, mwanangu? Mwanamke yule aliogopa aibu mbele ya mume wa binti yake kuliko alivyoogopa ugonjwa. Alikuwa na nia kubwa kuliko yangu. Mimi nilikuwa nimemletea kazi isiyo yake.

Kesho yake nilijaribu kujifunga kikwembe changu kwa mkono wa kushoto peke yake, mbele yake, juu ya suruali niliyovaa makusudi. Kilianguka mara nne. Alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu hapo tukawa wanafunzi wawili. Kilichotukomboa alikigundua yeye: alibana pembe ya kitambaa kati ya nyonga na ukuta, akajizungushia kwa mkono mzima, akakikunja kiunoni. Mimi nilichoongeza ni utepe mpana wa kukaza juu yake, na mazoezi ya kumfanya asimame imara bila kuyumba. Ilichukua majuma matano. Jumapili moja binti yake aliniita nyumbani. Mkwe alipoingia uani, Mama Veronika aliinuka mwenyewe kitini, akaitikia salamu yake akiwa amesimama, kikwembe kikiwa imara kiunoni, kisha akaelekea kanisani kwa miguu yake. Binti yake alinishika mkono tu.

Staji ilipokwisha, mbele ya maprofesa nilieleza yote, pamoja na ripoti yangu ya kwanza. Mmoja alinipunguzia alama kwa kuacha zoezi la shati. Sikuumia, na mpaka leo siumii.

Kwa hiyo soma vitabu vyako vyote, mwanangu, wala usidharau hata kimoja, maana mazoezi yale ya kusimama imara niliyatoa humo humo. Ila usimpe mtu zoezi kabla hujajua siku yake inaanzaje na anamwonea haya nani. Ukiona amekataa, jichunguze wewe kwanza. Na ukikosea, sema umekosea mapema, kabla kosa lako halijatiwa sahihi.

Nenda salama. Mungu akupe walimu wakali wenye huruma, akupe wagonjwa watakaokuwa na subira na ujana wako, na akurudishe kwetu mkoani Lualaba mikono yako ikiwa na ujuzi na moyo wako ukiwa bado unasikiliza.