Hafidh na Gari Lake Lisilo na Boneti

Bado sijakubali. Mkono unaandika "marehemu Hafidh" na moyo unagoma kabisa.

Wengi mmeniuliza inbox nini kimetokea. Alikula chakula cha mchana nyumbani kwao Mchafukoge, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka. Hakuugua, hakuaga. Mtu aliyetuchosha mtaa mzima kwa kelele za injini kaondoka kimya kimya.

Kwa msiomjua: Hafidh alikuwa muuza vitambaa kwenye duka la familia, kama baba yake na babu yake. Lakini Hafidh mwenyewe ulimpata jioni, uani nyuma ya duka, miguu tu inaonekana, kichwa kiko chini ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikibeba majora ya vitambaa kutoka bandarini. Mwingine angeiuza. Yeye aliikata paa, akaishusha, akachomelea chasisi upya, akapachika injini kubwa ya gari lingine, na boneti akaitupa. "Injini nzuri haivalishwi buibui," alisema. Mama yake akimsikia, anamrushia kandambili.

Mimi nina duka la spea mtaa wa pili. Alikuja kununua plagi, akabaki kubishana. Ubishi huo hatujaumaliza mpaka leo.

Kila mara gari lile likikaribia kuisha, analifumua. Bodi imenyooka, yeye anaiona imepinda. Rangi imekauka vizuri, anaipiga msasa aanze upya. Ukimuuliza test drive lini, jibu ni lile lile: "Bado finishing, Rehema. Haraka haraka haina baraka." Jamani! Maghorofa mangapi yameanza na kuisha Kariakoo, finishing ya Hafidh iko pale pale.

Kuna kipindi waliiba taa zake za mbele. Tukazikuta zinauzwa kwenye spea za mtumba mtaa wa Gerezani, akazinunua taa zake mwenyewe, na akamshukuru muuzaji kwa kuzitunza. Nilikasirika mimi kuliko yeye. Ila tangu siku hiyo aliweka swichi ya siri ya kukata umeme wa gari, na hakumwonyesha mtu yeyote alipoificha. Ukimuuliza iko wapi, anacheka: "Mwizi huja peke yake." Nilikuwa sielewi inahusu nini.

Na akitaka kuwasha, lazima anipigie simu niache wateja.

"Njoo ukae."

Nakaa kiti cha kushoto. Gari liko juu ya mawe, halina hata milango.

"Funga mkanda."

"Hafidh, tunaenda wapi juu ya mawe?"

"Funga mkanda, dada, usiniletee kesi na trafiki."

Ndipo anapiga stata, ua mzima unatetemeka, kuku wa jirani wanatawanyika, na yeye ananiangalia usoni aone kama nimefurahi. Nilidhani anatafuta mtu wa kumsifia tu.

Siku ya maziko nilibaki ndani na wanawake wenzangu, kama ilivyo desturi. Jeneza lilipotoka niliona migongo ya kanzu mlangoni, basi. Sikupata kumsindikiza rafiki yangu. Hilo limeniuma sana, siwafichi.

Matanga yalipoanuliwa, kaka yake Nassor akaniita uani. Kiwanja kile kinajengwa ghorofa, Jumamosi lazima kiwe wazi.

"Dada Rehema, mimi sina pa kuweka gari bovu. Ikiwaka ikatoka yenyewe, naipeleka kwangu Upanga, mama yuko huko sasa, awe anaiona. Isipowaka, watu wa vyuma chakavu wanaikata hapa hapa."

Jumamosi nikaja na Kessy, fundi umeme wa gari. Hafidh alishafunga matairi, betri ilikuwa mpya, mafuta yapo. Kessy akakaa kwenye usukani, akapiga stata. Kimya. Nassor akajaribu. Kimya. Tukapapasa chini ya dashibodi, chini ya zulia, chini ya kiti cha dereva, tukiitafuta ile swichi. Hakuna kitu.

"Aisee, huyu kazikwa nayo," Kessy akasema, halafu akaomba radhi.

Vijana wa vyuma chakavu walishaingiza mtungi wao wa gesi getini.

Nikachoka. Nikapanda kiti changu cha kushoto nimuage pale, maana kwingine sikupata nafasi. Nalia hivyo hivyo, mkono ukavuta mkanda na kuuchomeka kwa mazoea. Kessy, kwa kukata tamaa tu, akapiga stata tena.

Likanguruma.

Alikuwa amepitisha nyaya za swichi yake pale pale mkanda wa abiria unapochomekwa; usipouchomeka, umeme haupiti. Mwizi huja peke yake, anakaa kwa dereva, atahangaika mpaka kukuche. Sisi nasi tulikuwa tunakaa kama wezi.

Lakini jambo lililonivunja ni hili: angeweza kuuchomeka mkanda ule kwa mkono wake na kuwasha peke yake, siku yoyote aliyotaka. Hakufanya hivyo. Alikuwa ananiita mimi.

Hafidh, tumelitoa. Tulipita mbele ya duka lenu taratibu, wapima vitambaa wakatoka nje na mikasi yao. Upanga, mama yako alitusikia kabla hajatuona. Akaja barazani, akalizunguka gari, akaishika ile injini yako iliyo wazi. "Hata leo halijavaa buibui," akasema, akacheka, kisha akalia, na mimi nikamshika.

Jeneza lako sikulisindikiza. Gari lako nimelisindikiza mpaka mlangoni kwa mama.

Finishing imeisha, ndugu yangu. Acha msasa, pumzika.

Mkanda nimefunga. Lala salama.