Pacha Aliyeruka

Nilikubali kwenda kula nao asubuhi ile kwa sababu moja tu: nilitaka mtu amtaje mwanangu. Chai ninayo nyumbani. Miezi minane ilikuwa imepita tangu nimzike, na miezi yote hiyo rafiki zangu wawili walinipigia simu kila wiki wakaniuliza habari za kazi, za mvua, za jino langu lililokuwa likiuma. Jino! Jino langu lilipata pole nyingi kuliko mwanangu.

Nikajiambia, uso kwa uso hawataweza. Tutakaa mezani, watamwona mmoja mapajani mwangu, na ulimi wa mmoja wao utateleza.

Nilizaa mapacha, wasichana wawili, wanafanana mpaka baba yao alikuwa akimwogesha mmoja mara mbili na mwenzake akalala na vumbi lake. Baba yao ni Mganda. Mimi ni mtoto wa kambi; baba yangu alikuwa askari, kwao kaskazini, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombania nayo bombani pale kambini. Yule wa pili kuzaliwa alishikwa na homa Jumanne. Ijumaa tukamzika. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi.

Sasa, kwa Waganda pacha hafi. Hilo nililijua kama mtu anavyojua mambo ya nyumba ya jirani, mpaka likaingia kwangu. Pacha "anaruka", basi, kama ndege, na kusema vingine ni mwiko. Wala haliliwi. Mama mkwe alinishika taya kwa vidole viwili mbele ya watu wote. "Nnalongo, funga mdomo," aliniambia. Nnalongo ndilo jina la heshima la mama wa mapacha. "Ukimlilia aliyeruka, huyu aliyebaki atasikia anaitwa, naye atafuata."

Kwetu mtoto akifa, mama yake anapiga yowe mpaka majirani waache sufuria motoni waje mbio. Mimi niliuma leso. Niliuma mpaka nikaitoboa.

Mama mkwe simlaumu sana, yeye alikuwa akitetemeka mwenyewe. Hawa rafiki zangu wawili ndio walionichoma. Mmoja ni mwalimu wa chekechea, Mganda, tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwingine ana saluni kule Nateete, naye alizaliwa kambi ileile niliyozaliwa mimi. Yeye kilio cha kwetu anakijua. Alikuja mazishini akasimama kama mti.

Mahali alipachagua mwalimu, huko nyuma ya Kyambogo, aliona picha zake kwenye simu. Mkahawa wenyewe ulikuwa nyumba ya mtu. Namaanisha nyumba kabisa, yenye korido na vyumba vya kulala, ila vitanda vimetolewa na meza zimeingizwa. Saa tatu asubuhi, Jumamosi, manyunyu yanaanguka, na hapakuwa na mteja mwingine hata mmoja. Meza zote zilikuwa zimeshapangwa vikombe, vimefunikwa midomo chini. Redio ilikuwa inakwaruza bila stesheni. Nilipita bafuni kumnawisha mtoto mikono nikakuta beseni la kuogea bado lipo, na kando yake kipande cha sabuni kilicholowa.

Tulikaa katika chumba kilichokuwa cha watoto. Hakuna aliyetuambia. Kabati la ukutani lilikuwa na mabaki ya stika za wanyama kimo cha goti, na darini zilining'inia ndoano mbili za vyandarua.

"Pazuri, bambi," alisema mwalimu, neno lake la huruma kwa kila kitu. "Pametulia."

"Pametulia kama mochwari," alisema yule wa saluni, kisha akajing'ata mdomo akaanza kukagua nywele zangu. "Wewe, nani alikusuka hii mistari? Alikuwa amelewa?"

Nikasubiri. Neno lenyewe lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake, mochwari, nikadhani litafungua mlango. Hapana. Waliingia kwenye habari za harusi ya mtu.

Mhudumu aliingia. Mwanamke wa makamo, mrefu, kitenge kimefungwa juu ya suruali, viatu vya plastiki. Mkongo, nilimjua kabla hajasema. Alitazama mtoto, akanitazama mimi, akaweka mezani vikombe vitatu vikubwa. Halafu viwili vidogo.

"Karibu, Mama Mapasa," alisema.

Mapasa ni mapacha kwa Wakongo. Neno hilo nalijua, tuliishi nao ukuta kwa ukuta. Mimi yule mama sijawahi kumwona. Nilikuwa nimeingia na mtoto mmoja mgongoni, na mama wa mtoto mmoja haandikwi popote usoni kwamba alikuwa nao wawili.

"Toa hiyo kikombe moja," alisema mwalimu harakaharaka. "Mtoto iko mmoja."

"Mapasa hawapewi kimoja, mama," alijibu mhudumu, taratibu, kama anayemfundisha mtu kushika mwiko. "Kwetu ukimpa huyu, mwingine anakasirika. Kiwe hapo tu. Atakuja."

Akavuta kiti cha nne, akakisogeza karibu na changu, akatoka.

Mwalimu alichukua simu yake akaitazama, na ilikuwa imezima, nilikiona kioo chake cheusi. Yule wa saluni alisema, "Hawa Wakongo nao na mambo yao!" akacheka peke yake. Mimi nilikitazama kile kikombe kidogo. Nilikuwa naogopa na, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Mtu mmoja Kampala nzima alikuwa amemwekea mwanangu kikombe.

Chakula kilichukua saa nzima na zaidi. Tuliagiza katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, zikaja zimepoa na mafuta yameganda juu yake meupe kama mshumaa. Chai ya maziwa ilikuwa na utando unaoweza kuushona. Chapati ilirudi ilivyokuwa kila ulipoikunja. Mayai niliyoomba yakaangwe yalikuja yamechemshwa, kiini cha kijani, na yalikuja mawili: moja mbele ya binti yangu, moja mbele ya kile kiti kitupu, tayari limemenywa, limekatwa vipande vidogo vya kumtosha mtoto wa miaka miwili.

"Banange, jamani, mimi naenda kuongea na mwenye mahali," alisema mwalimu.

"Kaa," nilimwambia.

"Lakini hii ni..."

"Hii ni nini? Sema ni nini."

Alikaa. Alijaza mdomo ndizi baridi ili asiseme, nikamwona akimeza kwa taabu. Binti yangu alikula yai lake lote. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya pili, akagusa kipande kimoja, akakiacha. Yeye huyu anayepora chakula hata midomoni mwa mbuzi. Alikiacha, akaifuta mikono kwenye gauni, akatulia.

Ndipo tukasikia sauti nyuma ya nyumba.

Ilikuwa ya yule mhudumu. Alikuwa anaita. Si kwa nguvu, bali kwa ile sauti ya chini unayomwitia kuku usije ukamtisha. "Kuja, mutoto. Kuja. Chai inapoa. Mama yako iko hapa, kuja." Ilisikika upande wa kushoto, ikapotea, ikasikika upande wa kulia, karibu na dirisha letu. "Usiogope. Kuja."

Binti yangu aligeuza kichwa dirishani. "Anakuja," alisema.

Alisema vizuri, kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu kwa niaba ya mtu aliye chooni.

Yule wa saluni alisimama kiti kikaanguka. Mwalimu alianza kuomba kwa Kiluganda, midomo tu. Mimi nilimwacha mtoto mezani, ndiyo, nilimwacha, nikapita korido ya vyumba vile vyenye vikombe vilivyofunikwa, nikapita jikoni ambako hapakuwa na mtu na jiko lilikuwa linawaka, nikatokea uani.

Mhudumu alikuwa ameinama juu ya shimo la maji machafu. Halikuwa na mfuniko, limefunikwa mabati mawili tu, na bati moja alikuwa amelisogeza. Alikuwa ameshika mti mrefu wa kuangulia maparachichi, ameutumbukiza ndani, anakoroga polepole.

"Unatafuta nini?" nilimuuliza.

Aliruka kwa hofu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, unisamehe. Sikutaka ujue. Nimetafuta kila mahali, chini ya gari bovu, kwenye kuku, nimechungulia kwa jirani. Kumebaki hapa tu."

"Unamtafuta nani?"

"Mutoto wako. Ule wa kuruka."

Nilishika ukuta.

"Mama yule mwingine, alijiita mwalimu, alipiga simu jana," alisema. "Aliniambia, kesho anakuja mama wa mapasa, ila mmoja aliruka, usimuulize kitu. Nikaona, haya, ni ile mitoto mitundu, ya kuruka-ruka, ya kuruka uzio. Mama anaona haya kuisema. Sasa nimeona mumeingia na mmoja, na chai imepoa, na yeye harudi, na hapa kuna shimo..." Alitupa mti chini, akaanza kulia kabisa. "Nitajibu nini, mama? Nitajibu nini kwa mwenye nyumba?"

Nyuma yangu wale wawili walikuwa wamefika, mwalimu amembeba binti yangu. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja chungu.

"Ulimpigia simu mgeni," nilimwambia. "Ulimwambia yeye. Mimi miezi minane hukuniambia neno."

"Nilitaka tu usiumizwe, munnange, rafiki yangu. Asije akakuuliza..."

"Aniulize! Ndicho nilichokuja kutafuta hapa! Unadhani nilifuata katogo?"

"Polepole, mtoto anasikia," alisema yule wa saluni.

"Na wewe," nilimwambia, "wewe ndiye mbaya zaidi. Huyu ana mila yake ya kumziba mdomo. Wewe umezibwa na nani?"

Alizitazama kucha zake za miguu zilizopakwa rangi nyekundu, zote kumi.

Mhudumu alikuwa bado anangoja, amesimama kando ya shimo, haelewi. Alikuwa anangoja kuambiwa mtoto yuko wapi. Nilikuwa mtu pekee uani pale ambaye angeweza kumwambia, na nilijua nikisema namna ile, kwa neno lile, mbele ya yule aliyebaki, sitaweza kulirudisha. Mama mkwe hakuwa ananidanganya; kila mtu ukoo ule anaweza kukutajia pacha aliyefuata mwenzake baada ya mjinga fulani kufungua mdomo. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amelaza kichwa begani kwa mwalimu, anaitazama ile nafasi nyeusi kati ya mabati, hakupepesa.

"Usiseme," alinong'ona mwalimu. "Nnalongo, nakuomba. Sema aliruka."

"Hakuruka," nilimwambia mhudumu. "Alikufa. Mwanangu alikufa."

Mwalimu alimziba mtoto masikio kwa kiganja na bega, akarudi nyuma hatua mbili tatu, kana kwamba shimo limemsogelea. Manyunyu yalikuwa yakigonga yale mabati. Hakuna kilichotokea. Kuku mmoja alipita. Nilikuwa nasubiri kitu kitokee, nasema kweli, nilikuwa nimekaza shingo kama mtu anayengoja kofi.

Yule mama wa Kikongo alikuja akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilinuka vitunguu na lile shimo.

"Pole, mama," alisema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Si lile jina la pacha wa pili, ambalo kila pacha wa pili wa Waganda analibeba. Alikuwa na jina lingine nililompa mimi, la bibi yangu, la lugha ya kwetu, na tangu Ijumaa ile lilikuwa halijapita mdomoni mwa mtu. Nikalitaja. Lilitoka likikwaruza.

Yeye akalirudia. Akalikosea kidogo, akalirudia tena, likakaa sawa.

Basi hapo sauti ikanitoka. Sikuipanga. Ilikuwa ile ya kambini, ile wanayopiga mama zetu wakiona gari la jeshi limesimama mlangoni na askari wawili wameshuka bila kofia. Nilikaa chini kwenye tope nikaipiga. Ya pili ilipokuja nikasikia nyingine imeungana nayo, nikajua bila kutazama kwamba ni yule wa saluni, maana kilio cha kwetu mtu hafundishwi ukubwani. Mwalimu alikuwa ameshakimbia ndani na mtoto.

Watu walianza kutokea. Juu ya ukuta wa nyuma kilichomoza kichwa cha mwanamke mwenye povu la sabuni mikononi, kisha cha mzee mwenye mswaki, kisha wengine. Geti likagongwa. Majirani wa watu wengine kabisa, ambao hawajawahi kuniona.

"Nani amekufa?" aliuliza yule mwenye povu.

"Mwanangu."

"Yii, bambi! Lini?"

Nilifungua mdomo nimwambie miezi minane.

"Leo," nilisema.

Akashuka ukutani kwa upande wake, nikamsikia akiita wenzake waje, waje haraka.