Watu Watatu Mlangoni

Mama yangu hakuiamini simu kwa habari za kifo. Aliponiaga naenda Kanada alinisisitizia mambo mengi, mengine nimeshayasahau, lakini hili alilirudia mpaka uwanja wa ndege: "Msiba haupigiwi simu. Unapelekwa kwa miguu, na mtu anaambiwa akiwa amekaa, na ameshakula." Nilimcheka. Nilikuwa kijana mwenye kiherehere, na nilidhani ninakokwenda watu hawana haja ya miguu.

Kumbe wanawake niliowakuta Toronto walilelewa na mama wa aina hiyohiyo. Chama chetu cha akina mama wa Kiswahili, Watanzania na Wakenya na Wakongo wachache, kilikutana kila mwezi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja huko Scarborough, Waislamu na Wakristo pamoja, kwa sababu ukumbi ndio huo tuliopewa. Ilikuwa miaka ya kadi za simu za kukwangua. Mtu akifiwa nyumbani, ndugu zake hawakumpigia yeye. Walimpigia mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti nzito na subira fupi. Mwenyekiti alitafuta wengine wawili, wakaenda watatu. Mmoja wa kusema, mmoja wa kumshika mfiwa, mmoja wa kupitiliza jikoni kubandika chai. Na swali la kwanza halikubadilika: "Umekula?" Kama hujala, ulilishwa kwanza.

Ili mtu asishtuke kabla hatujafika, tulimdanganya kwenye simu. "Dada, upo nyumbani? Tunapita kukurudishia sufuria yako." Uongo wenyewe ulikuwa mbovu. Baada ya miaka michache hapakuwa na mwanamke wa Kiswahili aliyetaka kurudishiwa sufuria, na ndiyo maana mpaka leo sufuria zangu tatu nzuri ziko kwenye makabati ya watu.

Kisha zikaja simu za kuteleza kwa kidole, na kundi la kutumiana ujumbe. Mwanzoni tulilifungua kwa ajili ya kukumbushana siku za mkutano tu. Mimi nilifanywa msimamizi wake, si kwa akili nyingi bali kwa sababu binti yangu alijua kubonyeza. Haukupita mwaka, mkutano wenyewe ukafa. Mambo yote yalikuwa mle ndani: salamu za asubuhi zenye maua, dua, matangazo ya vitenge, ugomvi wa nani alipika pilau mbichi kwenye sherehe ya mwaka jana. Waliorudi Dar na Mombasa walibaki mle, wakaongeza binamu zao. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, simu tunaziacha kwenye kabati. Nikitoka, nikiwa nimesimama kituo cha basi Malvern na baridi inanikata masikio, naifungua na ujumbe unamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka.

Nilitamani kutoka, Mungu ananijua. Lakini ukitoka, kundi linatangaza kwamba fulani ametoka, na Waswahili hatujui kuona mtu anatoka bila kuuliza amekasirikia nini. Dada mmoja wa Richmond Hill alitoka kwa sababu simu yake ilikuwa imejaa. Miezi mitatu watu walikuwa wanampatanisha na wenzake ambao hakugombana nao. Na mkutano ukiwa umekufa, nje ya kundi palikuwa hapana chama. Nani angekuja kukugongea mlango? Basi nikabaki, nikawa nachukia na kusoma, nachukia na kusoma.

Siku ambayo sitaisahau ilikuwa Jumamosi ya theluji. Mwenyekiti alinipigia asubuhi. Mama mzazi wa mwenzetu mmoja aliyekuwa akiishi Brampton alikuwa amefariki Tanga, na kaka yake alikuwa amefuata utaratibu, amempigia mwenyekiti na si dada yake. Mwenyekiti alinipitia, tukampitia mama mmoja jirani yangu mwenye mkono wa chai, tukaingia barabara kuu kuelekea magharibi. Mwenyekiti akiendesha, mimi nimekaa pembeni yake na simu mapajani.

Mbele yetu malori mawili yalikuwa yamegongana. Njia zote zikasimama. Kulia ukuta wa zege, kushoto lori, theluji inafunika kioo, wala hapakuwa na pa kutokea hata kama ungekuwa na mabawa. Hapo ndipo simu ikatikisika. Mtu wa Dar, ambaye hata kwa sura simjui, alikuwa ameandika kwenye kundi: "Jamani, hizi habari za Tanga ni za kweli?"

Mwenzetu wa Brampton alikuwa anafanya kazi ghalani zamu ya jioni, kwa hiyo saa ile alikuwa nyumbani, simu mkononi. Chini ya ujumbe ule niliona kwamba mtu mwingine anaandika.

"Ufute," mwenyekiti aliniambia.

"Siwezi kufuta wa mwenzangu. Simu haikubali."

"Si wewe ndiye admin? Kazi ya admin ni nini sasa?"

"Kuongeza watu na kutoa watu, basi."

Tulitazamana. Jirani yangu akasema kutoka kiti cha nyuma, taratibu kabisa, "Basi mtoe yeye."

Nikamtoa. Niliona ni akili kubwa. Sekunde chache baadaye kundi lilijaa poleni na mikono ya kuomba, na yeye hakuwamo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha simu yangu ikaanza kulia, na jina lililotokea lilikuwa la kwake. Ningepokea niseme nini? Nikaacha ilie. Ikalia ya mwenyekiti. Ikalia ya jirani yangu. Kisha ikarudi kwangu. Tulikaa ndani ya lile gari na simu zinapokezana kulia, hakuna aliyethubutu kupokea, hakuna aliyethubutu kuzima, na magari yamesimama. Nilitaka kufungua mlango nitembee kwa miguu mpaka Brampton.

Tulipofika alikuwa ameshafungua mlango wa pembeni, ule wa kushukia kwenye chumba chake cha chini. Alikuwa na kandambili kwenye theluji.

"Mmekuja kunisomea mashtaka?" alisema. "Mnanitoa kwenye grupu kama mwizi, halafu hampokei simu! Kwa sababu nilisema pilau ilikuwa mbichi? Si ilikuwa mbichi kweli? Semeni, nimekosa nini?"

Mwenyekiti, ambaye kusema ndiyo kazi yake, alikuwa anakung'uta theluji viatuni. Nikaona macho ya yule dada yanatutazama mmoja mmoja, kisha yanarudi kutuhesabu. Watatu. Hasira ikamtoka usoni.

"Nani?" akauliza.

Mwenyekiti akasema, "Tuingie kwanza, mdogo wangu. Umekula?"

Alipiga magoti palepale kwenye theluji. Tulimbeba sote watatu kumshusha ngazi, na chai ilichelewa.

Baada ya arobaini nilikwenda kumsalimu. Nilitegemea anishukuru, na nasema wazi kwamba nilivimba kichwa kidogo. Akanimiminia chai, akakaa. "Dada, najua ulifanya kwa wema," aliniambia. "Lakini saa nzima ile nilikuwa nawatukana ninyi. Mama yangu yuko mochwari, mimi nawaza pilau. Saa ile nani atanirudishia?" Nilikunywa chai yangu.

Chama hakikusikia hayo, au hakikutaka kusikia. Wao waliona njia imepatikana. Wakapitisha mle mle kwenye kundi, kwa vidole gumba kibao, kwamba kuanzia sasa mfiwa atatolewa kwanza, ataendewa, kisha atarudishwa. Mwenyekiti naye akafanywa msimamizi ili tusaidiane. Hivyo ndivyo kosa la kwenye foleni lilivyogeuka desturi. Mama mmoja alibadilisha simu, akajikuta hayumo, akaangua kilio mpaka jirani yake wa juu akaita polisi. Tulicheka wiki nzima, kicheko cha watu wanaoogopa. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, nilikuwa nafungua simu kuhakikisha kwamba nimo. Kundi nililokuwa natamani kulikimbia, sasa nilikuwa naliomba lisinitoe. Mama yangu alikuwa amefika umri wa kuugua kila msimu wa mvua.

Ilikuja siku ya mapumziko yangu, mchana, nakunja nguo. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini jibu lake ni Kiingereza, alikuwa amekaa kwenye kochi na simu yangu anaangalia picha. Akasema, "Mom, it says you were removed."

Niliichukua. Nilisoma maneno yale, kwamba nimetolewa kundini, nikayasoma tena. Wasimamizi tulikuwa wawili, na mimi sikuwa nimejitoa.

Simu ikalia papo hapo. "Dada, upo nyumbani?" Sauti ya mwenyekiti ilikuwa nyembamba, sikuwahi kumsikia hivyo. "Tunapita kukurudishia sufuria yako."

"Karibuni," nikasema.

Namba ya kaka yangu ilikuwa pale, kugusa mara moja tu. Kidole kilikwenda mpaka juu ya jina lake. Ningejua sasa hivi, ningelia nimalize. Nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikakalia mikono yangu. Sikumchukia mtu. Nilimwona mama uwanja wa ndege, kidole kimeinuka, ananisisitizia. Foleni ya saa ile naijua, wangechukua muda.

Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nikaenda jikoni nikakata mkate, nikala nimesimama, kipande baada ya kipande, hauna ladha, haushuki, nikausukuma kwa maji. Binti yangu alinitazama tu. Nikabandika chai mwenyewe, nikatoa vikombe, nikakaa.

Nje milango ya gari ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Nilifungua kabla hawajagonga. Mwenyekiti alikuwa mbele, theluji mabegani, midomo inahangaika kutafuta pa kuanzia.

"Nimeshakula," nikamwambia.