Tarumbeta kwa Askari Saba wa Darajani

Wiki ya saba ya kungoja treni ilimkuta tata Mpoyi palepale stesheni ya Kolwezi, amekalia godoro lililokunjwa, ananyoa ndevu na kuziacha sharubu zake, mbele ya kijioo cha mkewe, utadhani ana miadi na gavana. Ndivyo alivyokuwa. Mwezi wa tatu mwaka huo wa 1993, vijana walipomtoa nyumbani kwake mtaani Kapata wakipiga kelele kwamba watu wa Kasai warudi kwao, aliacha kabati, vitanda na kuku kumi na wawili, lakini wembe hakuusahau, wala tarumbeta. Huko "kwao" hakukujua. Baba yake aliletwa na kampuni kuchimba shaba, yeye akazaliwa Kapata, na Kasai alikwenda mara moja tu, kwenye matanga, akaumwa tumbo siku zote tatu.

Kazini alikuwa karani wa stoo, ila mji ulimjua kwa tarumbeta aliyopiga katika fanfare, bendi ya mtaa. Alikwishawapigia maarusi, maaskofu, na mwaka mmoja hata nguruwe aliyeshinda tuzo ya wafugaji.

Asubuhi hiyo alifika Séraphin, mpiga ngoma wa fanfare hiyohiyo na jirani yake wa miaka ishirini, anahema juu ya baiskeli.

"Tata Mpoyi, kesho njo siku ya baaskari."

"Mi najua."

"Hatuna mutu wa tarumbeta. Gracien wetu wa fanfare alijaribu jana, komanda wa kambi akamuomba aache."

Siku ya askari Kapata nzima iliijua. Katika vita vya siku sita, mwaka wa 1978, washambuliaji kutoka ng'ambo ya mpaka walipoingia mjini, askari saba walishika daraja la chini ya Kapata tangu alfajiri hadi saa sita, familia zikapata kukimbilia porini upande wa Nzilo. Wote saba walikufa hapo. Kila mwaka watu walikwenda na maua, majina yakasomwa, na Mpoyi akapiga.

Mmoja wao alikuwa koplo Bosenge, mtu wa mkoa wa Équateur, ambaye kila Jumapili alikuja kwa Mpoyi kujifunza tarumbeta. Miezi minne mizima hakuvuka noti ya pili. Tarumbeta yake ililia kama mbuzi aliyenaswa kwenye ua, na Henriette, mke wa Mpoyi, alicheka mpaka maharagwe yakaungua. Siku ya shambulio Henriette alivuka daraja lile na mimba ya miezi minane. Bosenge alimpungia mkono: "Kimbia, mama! Leo somo hakuna."

Sasa Henriette aliweka mikono kiunoni. "Balitufukuza, bakasema hatuko bantu ba hapa. Leo banakuita juu ya bafu babo, bale balikufa darajani? Na treni ikikuja?"

"Treni banasema itakuya kesho tangu Pasaka," alijibu Mpoyi. "Na bale habako bafu babo tu. Bosenge alikula kwetu."

Henriette alichukua koti la fanfare la mumewe na kuanza kusugua vifungo kwa jivu.

Kesho yake Mpoyi alipanda nyuma ya baiskeli ya Séraphin, tarumbeta mapajani. Walipita mbele ya nyumba yake. Nguo za watu wengine zilikuwa zimeanikwa uani, na mlangoni alisimama jogoo.

"Ule jogoo iko yangu," alisema Mpoyi.

"Nyamaza, tata."

"Nanyamaza. Lakini iko yangu."

Darajani walikuwepo watu kama mia mbili, na baadhi ya wale vijana wa mwezi wa tatu. Mmoja alianza kunung'unika. Mama Adolphine, muuza mihogo aliyevuka siku ile ya shambulio na watoto watatu, akaja na beseni lake kichwani akasimama bega kwa bega na Mpoyi. Kijana akatazama viatu vyake.

Komanda alisoma majina. Lilipopita la Bosenge, Mpoyi aliogopa pumzi isimtoshe. Akainua tarumbeta. Alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha ya kusimama kwao, vyote kwa pamoja, na vyote akavipuliza. Noti ya mwisho aliishika mpaka sharubu zikatetemeka. Watu walivua kofia, hata yule kijana.

Komanda alimshika mkono. "Mwaka kesho tena, tata." Kisha akakumbuka kwamba Mpoyi anaondoka, akainamisha kichwa.

"Mwaka kesho Gracien," alisema Mpoyi. "Iko wapi?"

Mchana kutwa alikaa barazani kwa Séraphin akimfundisha Gracien kukaza midomo. Gracien alitoka jasho. Mpoyi hakumwonea huruma hata kidogo.

Treni ilikuja siku ya tisa baada ya hapo, mabehewa ya wazi, mvua hakuna, ashukuriwe Mungu. Walishukia Mwene-Ditu, huko Kasai, Mpoyi akapata kazi ya kufundisha muziki parokiani, akawa analalamikia mkate wa huko kila asubuhi. Mwaka uliofuata barua ya Séraphin ilifika: Gracien amepiga, si vizuri sana, lakini amefika mwisho. Mpoyi aliisoma mara tatu, kisha akajibu kurasa nne, tatu kati yake zikihusu namna ya kupumua.